Mti Uliochunwa Juu ya Nyumba ya Wifi

Mume wangu Kesdakio hakuwahi kunificha jambo isipokuwa viazi vikuu, na kwetu Kitti, upande huu wa kisiwa, hiyo haiitwi siri, ni adabu. Mwanamume hupanda kiazi chake cha karamu ndani ya msitu, hukitembelea watu wakiwa bado wamelala, na akirudi na tope magotini mkewe humwuliza kama ameoga vizuri. Kukichungulia kiazi cha mwenzio ni aibu. Kukitaja ni kumvua nguo hadharani. Siku kinapofikishwa mbele ya mtawala, kimening'inia kwenye mpiko mabegani mwa wanaume, sote tunashangaa, hata tuliokijua tangu kinachipua.

Kesdakio alikuwa mpole, tena mpole kupita kiasi. Wadogo zake walikuwa wameshampita kwa cheo, na kwenye karamu alikaa chini yao akicheka vicheko vya puani. Mwaka ule alitaka kupanda cheo, na kwetu cheo hupatikana kwa ukubwa wa kiazi. Hakuniambia, lakini nilimwona anavyokula haraka haraka na kutokomea.

Nilikuja kuuona ule mti kwa sababu ya nguruwe jike wetu aliyekata kamba. Nilimfuata mlimani mpaka nikatokea mahali penye jua, na ndani ya msitu wetu jua halifiki chini bila mkono wa mtu. Mti mkubwa ulikuwa umechunwa gome kuzunguka shina lote, umekufa wima, majani yamepukutika, na kiazi kimeupanda hadi juu kikijinyoosha kwenye mwanga. Kazi safi, lazima niseme. Nikageuza uso upesi kama mtu mwenye adabu zake, na nilipogeuka nikaona bati chini yangu, moja kwa moja chini. Ilikuwa nyumba ya wifi yangu Marlihna, mjane, na wanawe.

Tangu siku hiyo nilianza kuogopa upepo. Kwetu mvua hainyeshi, inaishi nasi, na sikuwahi kuijali. Sasa kila upepo ulipovuma kidogo mkono wangu uligandia kwenye mbuzi ya nazi nikisikiliza. Mti uliochunwa huoza mizizi polepole, hakuna anayejua ni lini utaachia.

Nikamzunguka mume wangu kwa maneno. Nikasema mwaka huu miti mikavu ni mingi. Akasema kweli ni mingi. Mwisho nikachoka.

"Baba Ersihner, ule mti uko juu ya nyumba ya dada yako."

Akaweka bakuli chini. "Mti gani?"

"Unaujua."

"Huko ulifuata nini?"

"Nguruwe."

"Basi ungemfuata nguruwe, mengine ukayaacha."

Kisha akalainika, akasema mizizi bado imeshika, na kwamba akiuangusha sasa utakichana kiazi kabla hakijakomaa. Karamu ikipita tu atauangusha. Nikamwuliza kama upepo nao umealikwa kwenye karamu hiyo. Akaondoka kwenda kuponda sakau, kinywaji chetu cha mizizi, na wenzake, akanywa hadi ulimi ukafa ganzi.

Nikaenda kwa Marlihna. Kumwambia wazi sikuweza, maana hiyo ingekuwa kumvua nguo kaka yake mbele yake. Nikadai mgongo unaniuma, aje na watoto wakae kwangu kwa muda wanisaidie kazi.

"Huo mgongo umeanza lini, wifi?" akasema, akaendelea kumenya shelisheli. Alicheka, lakini hakuniangalia. Nilirudi nyumbani na hasira, nikamwona mpumbavu.

Mti uliachia alfajiri moja ya mvua kubwa. Tuliusikia tukiwa kitandani. Kesdakio alitoka mbio bila hata ndara, nami nyuma yake nikiteleza na kuinuka. Nyumba ilikuwa imelala chini, shina limekaa juu ya chumba cha watoto, na kiazi bado kimelizunguka. Mume wangu alikuwa akivuta mabati kwa mikono mitupu, damu ikimtoka, akimwita dada yake kwa jina lake la utotoni.

"Tuko huku, kaka."

Marlihna alitokea ng'ambo ya kijito, kwenye kibanda cha zamani cha kukaushia nazi, watoto wamejifunika mashuka. Ndani niliona mikeka imetandikwa, vyungu vimepangwa, nguo zimeanikwa kambani. Hawakukimbilia pale usiku ule. Walikuwa wakilala humo, kwenye moshi na uvujaji, tangu majani ya ule mti yalipoanza kupukutika. Kesdakio aliitazama ile mikeka, akaliachia bati alilokuwa ameshika.

Watu wakaja. Pernardo, jirani ambaye ardhi yake iko juu ya yetu, alikuja na msumeno wa injini. Wakauliza imekuwaje.

"Upepo tu," akasema Marlihna. "Mti wenyewe ulikuwa mzee."

Wote wakaitikia, upepo, kweli upepo, na alama ya gome lililochunwa iko mbele ya macho yao. Nilichemka. Nikafungua mdomo nilipue, lakini mume wangu alinitangulia.

"Upepo hauchuni gome, dada. Ni mimi. Kiazi changu kilikuwa pale."

Sijawahi kusikia mwanamume akikitaja kiazi chake mwenyewe mbele za watu. Marlihna akajifunika uso kwa kitambaa.

"Ningekuambiaje, kaka?" akasema huku analia. "Ningeanzia wapi?"

Wanaume waliangalia chini. Nami nikaangalia walikoangalia: ilikuwa mapema sana, lakini karibu wote walikuwa na tope magotini, na hilo halikuwa tope la njiani, ni la kule mlimani kwenye viazi. Pernardo alikuwa ameshawasha msumeno. Akauzima. Akanijia taratibu, asiweze kunitazama usoni.

"Shemeji," akasema, "watoto wako wanalala upande gani wa nyumba?"