Jina Nililoliita kwenye Usita wa Mui

"Bee."

Ilikuwa sauti hiyo moja tu, neno la mtoto wa kike anayeitika akiitwa, nayo ilitoka gizani, mbele yangu, chini ya wikio lililovuka juu ya njia. Wakati huo nilikuwa na umri wa miaka minane. Nimesikia vilio vingi tangu usiku ule, na vingine vilitoka kinywani mwangu mwenyewe, lakini hakuna kilichokaa nami kama neno hilo, ambalo dada yangu alilisema kwa furaha.

Tulikaa Amu, wageni huiita Lamu, mtaa wa Mkomani, katika nyumba ya mawe iliyopakana na njia kubwa ya mji. Sisi tuliiita Usita wa Mui, maana yake njia ya mji, na tulipofupisha tulisema Usita tu, kana kwamba hapakuwa na njia nyingine duniani. Huanzia kaskazini kwenye nyumba za mawe za wenye mji, huteremka kusini ikipita mbele ya Ngome, kisha huendelea hadi Langoni, kwenye vijumba vya makuti na maduka madogo. Upana wake ni wa punda wawili wasio na mizigo. Wakiwa na mizigo, mmoja hurudi kinyumenyume, na wapita njia huingia kwenye madaka, yale mabaraza ya mawe mbele ya milango, wakingoja wenye punda wamalize kutukanana. Mkono wa kushoto, kila kichochoro huonyesha kipande cha maji, na Manda ng'ambo. Mkono wa kulia hakuna ila kuta.

Bibi yangu, mama yake baba, alisema kuwa zamani za mababu Usita ulikuwa ufuo. Watu wakajaza kifusi, wakajenga upande wa bahari, maji yakarudi nyuma.

"Maji yaliondoka," alisema, "lakini waliokuwa wakikaa majini hawakuondoka. Hupita pale pale walipozoea, baina ya Maghribi na Isha. Wakati huo usimwite mtu jina Usitani. Wakilisikia wamelijua. Na aitikaye ameshakubali."

Hatukucheka. Hata watu wazima waliokutana pale jioni waliitana kwa kupiga kofi au kukohoa. Nimewahi kumwona mzee mzima, mwenye kilemba na bakora, akimkimbilia mwenzake na kumvuta kanzu badala ya kumwita.

Dada yangu alikuwa na miaka kumi na mitatu, na mwaka ule alikuwa ameshawekwa ndani, kama ilivyokuwa desturi ya mabinti wa nyumba zetu. Mimi bado nilikuwa huru. Kila asubuhi nilikwenda chuoni, nyuma ya Ngome, kusoma juzuu kwa mwalimu wetu wa kike, na kila adhuhuri niliporudi, dada alinikalisha chini kabla sijanawa miguu.

"Anza nyumbani," alisema.

"Kwanza wikio letu," nilisema. Hicho ni chumba kilichopita juu ya njia, kikiunga nyumba yetu na nyumba ya ami, ili wanawake waende kutembeleana bila kushuka chini. "Kisha gofu lenye mkunazi. Kisha kisima cha msikiti. Kisha masonara wawili."

"Mmoya."

"Wawili, dada."

"Yana alikuwa mmoya. Huyu wa pili amezaliwa usiku?"

"Amehama kutoka upande wa pili."

"Basi ni yule yule mmoya. Unanitia watu wa bure Usitani, kisha nikitoka nitawatafuta wapi?"

Alikuwa akiyapanga yote kichwani, akiyapigia mdundo gotini kwa vidole. Nimeyasahau mengi, ila mwanzo wake ninao:

Toka wikio la kwetu, gofu lenye mkunazi,
kisimani 'sithubutu, sonara hana makazi.

Baadaye sana, nilipofundishwa vina na mizani na mtu mwenye elimu yake, nilijifanya mgeni wa mambo hayo. Lakini nilikuwa nimeshayasoma kwenye goti la dada yangu, ambaye hakuwa amefundishwa na mtu.

Ilikuja siku ambayo Bibi alikwenda matangani kwa jamaa zetu na kukaa huko kutwa. Baba alikuwa safarini. Mama alikuwa juu. Alasiri ilipokuwa inakwisha, dada alinijia akiwa amevaa buibui la mama, uso umefunikwa, akasimama kimya ili nimstaajabie.

"Niongoze hata Ngomeni," alisema. "Tufike, turudi kabla ya adhana."

Ningeweza kukataa. Nimelifikiria hilo miaka mingi. Nilikuwa mdogo, lakini si mdogo wa kutojua lililokatazwa. Sikukataa kwa sababu nilitaka kuwa mimi ninayejua, na yeye mkubwa wangu awe anayefuata.

Tulishuka. Alitembea kama mtu anayesoma kitabu alichokwisha kukihifadhi. Kwenye gofu alinyoosha mkono akagusa ukuta. Kwenye kisima alihesabu ngazi. Kwa sonara alinibana kidole, maana yake yuko mmoja. Tulipotokea uwanjani mbele ya Ngome alisimama, akainua shingo kuutazama ukuta ule.

"Hukunambia kuwa ni kubwa hivi."

"Nalikwambia kubwa."

"Ulisema kubwa. Hukusema hivi."

Kisha akasema turudi, jua limeshuka. Mimi ndiye niliyesema hapana. Nilimwambia kuwa mtu asiyeona Langoni hajauona Usita, ameona nusu. Nilimvuta mkono, naye akacheka, akafuata.

Langoni mafundi walikuwa wanaziwasha taa zao. Watu walikuwa wengi na hakuna aliyetuangalia. Mlangoni pa nyumba moja ya makuti alikaa mwanamke akiuza kaimati, na mapajani pake alilala mtoto aliyefunikwa leso mpaka kichwani.

"Bi mdogo," aliniambia mwanamke yule, "wampeleka wapi bibi harusi huyu asiyenena?"

"Si bibi harusi. Ni shangazi yangu," nilisema.

"Shangazi mwenye vidole laini hivyo? Huyo hajapika hata uji. Haya, chukua mbili, mlishe shangazi yako."

Dada alicheka ndani ya buibui. Kisha akainama, akaifunua leso ya mtoto, akamwekea kiganja shavuni.

"Ana moto," alisema.

"Meno tu, mwanangu," alijibu mwanamke yule. "Mfunike."

Adhana ya Maghribi ilitukuta hapo hapo. Tulirudi mbio, lakini Usita haukimbiliki. Tulipofika karibu na kisima wanaume walikuwa wanatoka msikitini, na punda wawili waliobeba mawe walikuwa wamekutana mbele yao. Watu wakajibana kutani, mimi nikasukumwa ndani ya daka, na umati ulipopita dada hakuwapo. Giza lilikuwa limeingia. Nilipiga kofi. Nilikohoa. Niliita "Dada," mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, na wakageuka wanawake wawili ambao sikuwajua.

Kwetu mdogo hamwiti mkubwa wake kwa jina. Ni Dada tu, tangu ulimi unapoanza kufunguka mpaka kaburini. Maisha yangu yote nilikuwa sijalitamka jina lake. Nikalitamka pale, kwa sauti yangu yote, makosa mawili katika neno moja.

Akaitika. Nilikimbia nikamkuta chini ya wikio letu, akinicheka.

"Jina langu umelijua lini, wewe?"

Kisha tukakumbuka kwa pamoja. Aliutia mkono kinywani. Tuliingia ndani tukiwa tumeshikana, na usiku ule tulilala kitanda kimoja.

Siku ya kumi na mbili alishikwa na homa. Ya kumi na tano vipele vikatokea usoni. Ndui ilikuwa imeshaingia mjini, nyumba zikifungwa moja baada ya moja, na yetu ikafungwa pia. Alikuja mwalimu mmoja akaandika kombe, aya kwa zafarani kwenye sahani, zikaoshwa kwa maji ya marashi, dada akanywishwa. Bibi alifukiza ubani mchana na usiku. Sikuruhusiwa kumwona. Nilikaa nyuma ya pazia nikimsikia akipiga vidole kwenye ubao wa kitanda, mdundo ule ule, kisha siku moja sikuusikia.

Baada ya maziko Bibi aliweka amri. Jina la aliyekufa kwa ndui lisitajwe ndani ya nyumba, kwa sababu maradhi yanaweza kuitika. Baba aliporudi alisema "marehemu." Watumishi walisema "bi mkubwa." Mama hakusema chochote, akilazimika alisema "yule," na kila aliposema aliangalia pengine. Mimi nilijua sababu. Niliamini kuwa alijua nimeliita jina Usitani, na kwamba siku atakayolitaja, litafuatwa na swali. Nilikua nikiliogopa swali hilo. Nilipowekwa ndani kwa zamu yangu niliona kama ni haki. Sikumwomba mtu yeyote anisimulie njia.

Sasa nimesoma kidogo, na nimewauliza waliosoma zaidi yangu. Najua ndui hupita kwa kiganja na kwa pumzi, na huchukua siku kama zile kujitokeza. Hesabu yake inarudi Langoni, kwenye leso ya mtoto yule. Watu hudhani kuwa elimu ya namna hii hupunguza uzito. Kwangu iliongeza. Jini lingelisikia jina kwa bahati mbaya ya giza. Safari ya Langoni haikuwa na giza wala msukumano, palikuwa na mimi nikimvuta mkono mtu aliyetaka kurudi.

Bibi alifariki mwaka jana. Amri yake ilibaki, kama mikeka yake ilivyobaki. Juzi, baada ya Adhuhuri, nilikaa na mama kwenye wikio. Alikuwa akitarizi kofia, dirisha liko wazi, na chini yetu watu walikuwa wanapita. Sikupanga kusema. Niliona tu kuwa nywele zake zimekuwa nyeupe, na kwamba mmoja wetu atakufa bila kujua alilonalo mwenzake.

Nilimwambia yote. Ngome, Langoni, mtoto, umati, jina.

Hakuiweka sindano chini.

"Nalisikia," alisema.

"Ulisikia nini, mama?"

"Nalikuwa hapa nilipo. Nalikusikia ukiita, nikamsikia akiitika."

"Na hukunambia kitu miaka yote hii?"

"Ningalikwambia nini? Bibi yako angalijua ni wewe uliyeita, ungalikaa vipi nyumba hii? Angalikutazama kila siku kama mtoto aliyeuza nduguye. Nikasema, nikianza kulitaja jina, nitalitaja na la usiku ule. Basi nikalinyamazia."

Nilitaka kusema kuwa nilidhani ananihukumu, lakini hakuwa amemaliza.

"Na lingine," alisema mama. "Nalimuona akishuka na buibui langu. Nalikuwa nimesimama ngazini. Angaligeuka angaliniona. Nikamwata ende, sikumrudisha. Nalitaka aione hiyo ndia, mara moya tu, kabla hawajamuoza."

Naandika haya bila kudai kuwa nimepata nafuu. Nililolielewa ni dogo. Tulikuwa watu wawili katika nyumba moja, kila mmoja akijiona peke yake ndiye aliyemtoa mtoto nje, na kwa kuogopana tukamzika mara ya pili, mara hii bila hata jina la kumwombea dua. Kosa la kwanza nililitenda kwa utoto. Hili la pili lilichukua miaka kumi, na tulilitenda tukiwa na akili zetu.

Mama alikata uzi kwa meno. Akaegemea dirishani akatazama chini Usitani, mchana kweupe, mwenye punda akipita na mawe yake, na midomo yake ikatikisika kabla ya sauti kuja.

"Mwana Esha," alisema.