Mama wa Mcheki

Miye nilikuja London na mume wangu baada ya mapinduzi ya Unguja. Mume alipofariki nikaingia kazi kantini ya klabu moja ya mpira, huku mashariki, kupika na kuosha masahani. Hapo ndipo nilipomjua Mcheki, mchezaji aliyetoka Ucheki, wote wakimwita hivyo. Kijana mrefu, mashavu mekundu kama kapakwa tungule. Kizungu hakijui, na changu cha kuokoteza, basi tukaelewana, maana hakuna wa kumcheka mwenziwe.

Straika huyo, lakini makao yake yalikuwa benchi. Kocha alikuwa na sauti ya mtu aliyekwamwa na mwiba wa samaki: "We mrefu, we, jipashe moto." Mcheki anakimbia pembeni, anajipasha, anajipasha, mpira unakwisha, anarudi kukaa. Nikamwambia, "Mwanangu, we umekuwa wali wa jana, kila siku kupashwa moto na mezani hufiki." Akacheka mpaka akashika ukuta. Nilikuwa nikimwiga kocha mbele ya wote, na mwenyewe kocha akija kusikiliza mlangoni.

Jumapili alikuwa akimpigia simu mamake, ile simu ya ukutani pale kantini. Mama anataka kuja kumtazama akicheza, yeye anamwambia asije bado. Aje kuona nini, mwanawe kakaa na koti? Tabia hiyo naijua, tuliokuja huku sote tunayo: mzee asije kwanza mpaka tupate nyumba, tukipata nyumba mpaka tutie zulia. Nilidhani ni yetu peke yetu.

Halafu straika mwengine akaumia, Mcheki akaingia, akafunga. Wiki ya pili akafunga tena. Wacha atembee kifua mbele. Akaja jikoni akanambia, "Bibi, sasa mama anakuja." Tiketi akapeleka. Siku chache kabla mama hajafika, mazoezini, goti likageuka. Nilisikia ukelele wake huku ndani, na maji yanamwagika kwenye sinki.

Mama akaja vilevile. Kibibi kifupi, kitambaa kichwani, mkoba kaukumbatia. Siku ya mechi Mcheki yuko kwa daktari na magongo yake, mama wakamleta kwangu, hawajui wamuweke wapi. Hakungoja kuambiwa, akachukua kisu akaanza kumenya viazi. Maganda membamba kama karatasi. Nje watu wanapiga makelele, yeye hata dirishani hakusogea. Akawa ananambia neno, anainua kidevu, anapiga meza kwa kiganja: "Nepshiyela sem kvuli fotbalu." Akakohoa kidogo, akalirudia. Miye nikaokota hiyo fotbalu, nikajua anamsifu mwanawe, nikaitikia kwa kichwa, ndiyo bibi, ndiyo, anacheza vizuri. Akanitazama, akachukua kiazi kingine.

Sauti ikiniingia sikioni haitoki tena, ndivyo nilivyoumbwa. Lakini sikumwigia Mcheki. Kwetu mama wa mtu haigwi mbele ya mwanawe, hata kwa mzaha, ni kumvunjia heshima. Kwa hiyo alipouliza, "Mlizungumza nini?" nikamwambia, "Viazi." Mama akarudi kwao.

Goti halikupona sawa. Klabu ikamwacha, akaenda timu ndogo, kisha ndogo zaidi, akawa anacheza kwenye viwanja mbwa wanakatiza katikati. Mwisho akaacha. Sasa kichwa upara, anaendesha vani ya kupeleka mafriji majumbani. Akipita Barking, mtaa ninaokaa, hupanda kwangu, anakunywa chai, namchokoza. "Straika, umefunga mafriji mangapi leo?" Naye hujibu, "Yote nje ya goli, bibi."

Basi juzi hapa kaja kanuna. Nikamwiga kocha, hakucheka. Nikamwiga dereva wa basi, wapi. Kikombe kakishika tu. Nikasema huyu keshakuwa mtu mzima, mzaha wetu umekomaa, leo nitamvunjia huo mwiko acheke. Nikakaza kitambaa kichwani, nikainua kidevu, nikapiga meza: "Nepshiyela sem kvuli fotbalu."

Akaweka kikombe chini.

"Nani kakwambia hayo?"

"Mamako. Siku ile ya mechi. Si alikuwa anakusifia mpira wako?"

Kisha akanambia kwa Kizungu chake kile kile cha kuvunjika, "Anasema, sikuja kwa ajili ya mpira."

Nikataka kucheka, uso wake ukanizuia. Akasema mama wamemzika wiki iliyopita. Akasema kila mwaka baada ya safari ile ya viazi mama alikuwa akiomba kuja tena, naye anamwambia ngoja goti lipone, ngoja nipate timu ya maana. Halafu hana timu kabisa, akaona haya hata kumwambia. Kule kwao nako haendi, watamuuliza amefunga magoli mangapi. Simu tu. Na kwenye simu mama alikuwa anauliza goti, anauliza mpira, kwa sababu alidhani ndiyo mazungumzo anayoyataka mwanawe.

Miye nimekaa na neno lile kifuani miaka yote, nimelitunza kama kasuku, na mwenyewe alikuwa anakunywa chai mbele yangu. Laiti ningemchekesha nalo siku ile ile ya viazi.

"Niwie radhi, mwanangu," nikamwambia. "Kwetu mama wa mtu haigwi."

"Kwenu," akasema. "Kwetu nani atamwiga? Sema tena."

Nikasema. Safari hii meza sikuipiga. Akasikiliza kajiinamia, mikono katikati ya magoti, akaniomba tena, nikamrudishia tena, sauti ya mama yule na kikohozi chake kidogo cha mwisho ambacho nilikuwa nimekiacha.