Madoa Saba Sebuleni

Baba mkubwa wangu ni mzee wa kanisa, na siku wageni walipoleta posa ya binti yangu alifungua kikao kwa sala ndefu mpaka chai ikapoa. Alipomaliza kusema amina akainua kikombe chake cha ulanzi, pombe ya mianzi aliyoibeba mwenyewe kwenye dumu kutoka Kilolo, akamwaga tone sakafuni.

"Mungu tumeshamsalimia," alisema. "Sasa na wakubwa wetu wasikie."

Akamwaga tone la pili, na la tatu, akizunguka sebule nzima na kutaja marehemu wetu mmoja mmoja. Alikuwa na marehemu saba.

Kwake Kilolo sakafu ni udongo, na udongo hunywa. Yangu ni mbao za mninga zilizopigwa vanishi, hazinywi kitu. Ulanzi ukatulia juu ya mbao, unatutazama. Hakuna aliyethubutu kuupangusa, maana cha marehemu hakipanguswi. Ukizaliwa Iringa hii, hata usomee wapi, hilo unalijua. Mimi ni mwalimu wa kemia. Niliyaruka yale matone kama wenzangu, nikaenda kulala. Asubuhi yalikuwa yamekauka, yameacha madoa saba meupe pe.

Sakafu ile aliitandika baba yangu, fundi seremala wa Mafinga, na ndiyo iliyokuwa kazi yake ya mwisho. Daktari alimwambia vumbi la mbao limemaliza kifua chake, na akishika msasa tena, asihangaike kurudi kwake. Hata kwenye posa hakuja kwa sababu ya kikohozi. Alisema atakuja Jumamosi kusikiliza habari. Sasa mimi namjua baba yangu. Akiona doa kwenye kazi yake hasemi neno. Anavua koti, anapiga magoti, anaomba msasa, na atakwangua sebule nzima hata kama pumzi itamwishia humo humo. Nilikuwa na siku nne tu, na niliogopa kwelikweli.

Mume wangu, aliyekuwa amekaa kwenye kochi, alisema maji yakimwagika hayazoleki.

"Haya si maji," nikamwambia. "Na wewe nyanyua miguu."

Nilianza na dawa ya meno. Madoa yakabaki palepale, ila sasa yananukia. Jirani akanishauri majivu na mafuta ya alizeti. Nikasugua mpaka mabega yakafa ganzi. Madoa yalififia kidogo, na mume wangu akateleza mara mbili. Siku ya tatu ndipo nilipokumbuka kazi inayonipa mshahara. Ule weupe si uchafu, ni unyevu ulionaswa ndani ya vanishi, na unyevu hufukuzwa kwa joto. Nikatandika kitambaa cha pamba juu ya doa, nikapitisha pasi ya uvuguvugu, nikainua, nikachungulia, nikapitisha tena. Doa likayeyuka mbele ya macho yangu. Nilicheka peke yangu. Kufikia Ijumaa jioni nilikuwa nimeyamaliza yote saba, na nilijisifu sana, maana hakuna mwingine aliyenisifu.

Jumamosi baba akafika. Nikampa shikamoo, nikampa chai, nikamweleza habari za posa. Akasikiliza mpaka mwisho.

"Kaka yangu alimwaga?" akauliza.

"Alimwaga, baba."

"Wapi?"

"Humu humu sebuleni."

Akatazama sakafu. Mimi nikatazama koti lake. Halikuvuliwa.

"Na marehemu mama yako, naye alimtaja?"

"Alimtaja, baba. Wa mwisho."

"Akammwagia wapi?"

Nikamwonyesha, pale chini ya dirisha. Akaweka kikombe mezani, akainuka taratibu, akaenda akapiga magoti. Nikamwambia humu ndani hakuna msasa hata kipande. Akaweka kiganja juu ya mbao, akakipeleka mbele, akakirudisha nyuma, vile anavyokagua kazi iliyokwisha.

"Umemfuta vizuri," alisema. "Kazi safi. Hata mimi nisingejua alikuwa hapa."

Hakusema kwa hasira. Afadhali angekasirika. Siku zote nne nilifikiria kifua chake tu, na wale waliotajwa sikuwafikiria hata kidogo. Na doa la mama ndilo nililoanza nalo, likatoka upesi kuliko yote, nikacheka. Hilo sikumwambia. Nilipiga magoti karibu naye nikalia, na yeye akasogeza kiganja kidogo kuelekea ukutani, akatafuta tena.