Mkono Uliofungwa kwa Kanga

Mimi kutulia siwezi, na siku ile ningeweza vipi? Binti yangu wa miaka mitano alikuwa likizo kwa bibi yake kule Mvumi, mama mzazi wa mume wangu. Tulipokwenda kumchukua tukamkuta kwenye mkeka, mkono wa kushoto umefungwa kiunoni kwa kipande cha kanga, anakula ugali kwa mkono wa kulia na unamdondokea kifuani. Hata kunikimbilia hakunikimbilia.

"Shikamoo mama," nikasema, maana adabu ni adabu. Kisha yakanitoka. "Mtoto amefungwa kama mbuzi?"

"Marahaba. Anafundishwa. Siku akimpa mtu mzima kitu kwa mashoto, watu watasema hakulelewa. Halafu ukoo wetu mashoto hatuna. Labda kwenu."

Kwetu! Niliinuka, nikakaa, nikainuka tena. Mume wangu anachezea simu, utadhani mtoto nilimzaa peke yangu. Mimi nafundisha baiolojia sekondari huko mjini Dodoma, basi nikamwaga somo zima pale uani: kwamba mashoto hayaletwi na jeni moja, ni jeni nyingi na kila moja inasukuma kidogo tu, na mengine ni bahati tangu tumboni. Wazazi wote wawili wanaweza kuwa wa kulia na mtoto akawa wa mashoto. Hata mapacha wa kufanana wakati mwingine hutofautiana.

Mama mkwe aliendelea kupepeta uwele.

"Sawa, mwalimu. Lakini kanga sifungui, na mtoto abaki hapa mpaka azoee."

Abaki! Jamani! Mtoto aliyekuwa haishi kuchora na kuuliza maswali, sasa alikuwa ananong'ona. Na neno la mama yake, mume wangu hajawahi kulipinga.

Mara mbuzi akavamia uwele uliotandazwa juani. Mama mkwe akatupa ungo chini, akaokota jiwe, akarusha. Paa! Likampata mbuzi ubavuni. Nikautazama mkono uliorusha. Ulikuwa wa kushoto. Mume wangu naye aliona, maana simu aliishusha.

Nilitaka kucheka, nilitaka kumsuta mbele ya mwanawe, ulimi uliniwasha kabisa. Mama mkwe alikuwa anakitazama kiganja chake.

"Mimi mama yangu alinichoma vidole kwa kijinga cha moto," akasema. "Huyu nimemfunga kanga tu. Tena nimetafuta iliyochakaa, isimkwaruze."

Hasira yangu ilikosa pa kwenda. Alipiga magoti kwenye mkeka, akaanza kufungua fundo kwa mkono wa kulia. Likamshinda. Akageuka kwanza kutazama mlangoni, kama mtu anayehofia kuonwa, ndipo akapeleka wa kushoto. Na huyo mama yake aliyemchoma vidole alishafariki miaka mingi kabla mimi sijaolewa.