Tulimtafuta Papa Kwenye Kioo

Nakumbuka jioni moja betri ilipotuzimikia tukiwa mbele ya televisheni, hapa hapa Kamembe, na sauti tusiyoijua ikaitika kutoka jikoni. Mwanangu, ilaze hiyo simu kifudifudi kwanza. Haitakimbia.

Vita vilikuwa vimewaka Bukavu. Sisi tulizaliwa huko, ng'ambo ya ziwa, tukarudi kwa wazee wetu mikono mitupu. Katika msukumano wa watu tulipotezana na Papa, baba yetu, aliyekuwa amembeba mdogo wangu Furaha. Siku chache baadaye mama mmoja wa Nkanka alituletea Furaha. Alikuwa amemvusha ziwa kwa mtumbwi. Papa hakuwa naye, na kabla hatujamuuliza mama yule alikuwa amekwisha kurudi ziwani. Na mtoto yule, zamani msemaji kama kasuku, hakutamka neno. Tulimbembeleza, tukamwomba, wapi!

Mjomba akatuletea televisheni ya kutumia betri ya gari. Habari zilionyesha wakimbizi wakirudi, umati kwa umati, magodoro kichwani, nyuso nyeupe kwa vumbi. Mama aliapa kwamba iko siku Papa atapita mle. Basi kila jioni tulikaa. Habari zikiisha tuliendelea kukaa, iwe muziki, iwe mpira, eti pengine atatokea nyuma ya wachezaji. Usicheke. Anayemngoja mtu wake hana aibu. Tulikula kwa kupapasa, hatuongei, macho mbele. Wale watu walitukodolea macho, wakapita. Nikilala niliwaota wakipita sebuleni kwetu bila kubisha hodi.

Nyogokuru, bibi yetu mzaa Papa, alikataa kukaa nasi. Alibaki jikoni, nje uani, penye imbabura, jiko lake la makaa. Kila jioni alituita kwenye vitendawili kwa desturi ya kwetu: "Sakwe sakwe!" Nasi ilitupasa kuitika, "Soma!" Hatukuitika. Akaita tena. Kisha nikaanza kumsikia akicheka, na nilijua yuko peke yake. Mama alisema ni uzee. Mimi nikaongeza sauti ya televisheni.

Jioni ile picha ilisinyaa, ikawa nukta nyeupe, ikafa. Nyumba ikawa kimya. Kwa mwanga wa koroboi niliona kwenye kioo cheusi uso wa Mama, na wangu, na katikati yetu mahali patupu. Nikapapasa mkeka pale alipokuwa akikaa Furaha. Ulikuwa baridi. Ameondoka saa ngapi? Hakuna aliyejua.

"Sakwe sakwe!" Nyogokuru aliita.

"Soma!"

Ilikuwa sauti nyembamba, ya kukwaruza, kama inatoka chini ya udongo. Mama alinikamata mkono.

"Ni nani anamujibu? Ni benye balikufa?" Mama alininong'oneza, akidhani ni wafu.

Tulitoka tumeshikana. Furaha alikuwa kwenye kigoda, magoti yake yamegusana na ya bibi yake. Nyogokuru hata hakutugeukia.

"Uyu mutoto anasema tangu juzi," alisema. "Niliita, niliita, hamukuitika. Munatafuta mutoto wangu mu kile kioo, na habari yake iko hapa mu jikoni."

Mama alipiga magoti. "Furaha, Papa eko wapi?"

"Alilala mu njia. Alinipa kwa ule maman wa mutumbwi, akasema nisiangalie nyuma." Mtoto alitazama makaa. "Mi niliangalia."

"Aliamuka?"

"Hapana."

Mama alimpakata, akalia kilio alichokuwa amekizuia tangu tuvuke. Mimi nililia kwa ajili ya Papa, na zaidi kwa ajili ya mtoto aliyembeba baba yake kifuani peke yake, hatua chache tu kutoka tulipokaa.

"Sasa tunaweza kumulilia na jina lake," Nyogokuru alisema.

Mwanangu, wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Sikwambii uvunje simu. Hata mimi ninayo, nayo inapiga kelele kuliko jogoo. Lakini jioni, kabla chakula hakijapakuliwa, zikusanye zote uzitie kapuni, na yako iwe ya kwanza, maana watoto hufuata unachofanya, si unachosema. Kisha tazama uso wa kila aliyeketi. Yule asiyesema, mtegee kitendawili, umngoje, hata chakula kikipoa. Usiache mbachao kwa msala upitao: wale wa kwenye kioo hawakujui jina, na wala hawatakuzika.

Mungu akujalie nyumba yenye maneno mengi. Na utakapozeeka, uketi penye makaa yako na kuita gizani, akuitikie aliye hai.