Kata ya Kwanza

Mjukuu wangu wa kike alirudi kutoka sinema pale mjini akiwa amejaa maneno. Filamu yenyewe, kwa alivyonieleza, ilihusu vijana wa Marekani ambao serikali yao ilipiga marufuku pombe, nao wakaiuza kwa magendo mpaka wakawa mabwana wa mji. Wana suti, wana magari, hata polisi wanawaogopa. "Bibi, wale watu walikuwa na raha!" akasema. Nikamwambia anyamaze ale. Alinuna, na haki yake, maana sikuwahi kumwambia kwamba nimeishi na vijana wa namna hiyo, tena bila suti, na kwamba niliwaogopa.

Ilikuwa wakati wa Mjerumani, reli ilipokuwa inajengwa upande wa Kingolwira. Akida aliyetutawala kwa niaba ya Mjerumani alikuja gulioni Mkuyuni akasoma amri ya boma: hakuna kupika pombe tena, kwa sababu vibarua wanalewa na kazi inalala. Atakayekamatwa atalazwa chini achapwe hamsa ishirini, viboko ishirini na tano. Sisi wanawake wa mlimani tuliguna tukarudi kwetu. Tulikuwa tunapika pombe ya mtama tangu enzi za bibi zetu, na vibarua hawakuacha kuwa na kiu kwa sababu ya karatasi.

Kaka yangu ndiye aliyeuona mwanya. Tulikuwa tumbo moja, wazazi wote wamekwisha kufa, tunakaa Bigwa, mlima unapoanzia. Alikuwa na rafiki zake wawili wa kukua naye: mmoja mrefu, mwingine wa mkono wa shoto. Walipanda milimani wakazikusanya pombe za akina mama, wakazishusha ndani ya matenga, juu wamefunika ndizi. Katika kambi ya vibarua wa reli pombe iligombewa. Mwanzoni tuliwasifu. Kisha mama mmoja akawauzia watu wengine, na kesho yake akaikuta mitungi yake yote imevunjwa. Tukaacha kuwasifu.

Kabla ya mvua za masika kaka alikuwa mtu mkubwa. Jumbe alimpisha njia. Wazee wa rika la marehemu baba, ambao yeye ndiye angepaswa kuwaamkia, walimtangulia kwa salamu, naye akaitikia hali amekaa. Mume wangu, mtu mpole aliyekuja kukaa kwetu, alimwogopa shemeji yake kuliko askari wa boma. Mimi nilikuwa na mimba ya kwanza, na nasema kweli, nilijivuna. Kwetu Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, na mjomba ndiye anayemsimamia. Mwanangu alikuwa na mjomba anayeogopwa. Nilidhani hiyo ni bahati.

Halafu yule mrefu akafa. Aliumwa tumbo siku mbili, ya tatu hayupo. Kambini watu wengi walikuwa wanaendesha damu wakati ule, wala hakuna aliyeshangaa, ila kaka. Yeye alisema ni sumu. Na kama ni sumu, aliyebaki wa kuitia ni mmoja tu, yule wa mkono wa shoto.

Hapo ndipo shida yangu ilipoanzia. Desturi yetu, aliyeleta pombe huinywa yeye kwanza mbele ya wageni, waone kwamba hakutia kitu. Kaka alisema hiyo haimtoshi, mtu anaweza kumeza dawa ya kinga nyumbani kwake ndipo aje kunywa. Alitaka mtu wa damu yake.

"Utaonja wewe," akaniambia. "Wewe huwezi kuniua."

"Kaka, mimi ni mja mzito."

"Ndiyo maana. Hakuna atakayethubutu."

Aliona amesema jambo la akili. Mimi nilimtazama yule mjomba wa mwanangu. Kuanzia siku ile kila mtungi ulioingia ua wetu ulichotwa kwa kata ya kifuu, na kata ya kwanza ilikuwa yangu. Nilikunywa, kisha nikakaa nikisikiliza tumbo. Mtoto akicheza, naogopa. Akitulia, naogopa zaidi. Mume wangu nilimwambia tutoroke, akajibu, "Twende wapi asikotufikia?" Akatoka kwenda kulima.

Siku moja asubuhi, jua limekwisha panda, yule wa mkono wa shoto alikuja na mtungi kichwani. Alikuwa ananiita dada tangu utotoni, aliwahi kunibeba mgongoni kuvuka mto. Akauteremsha, akachota, akanywa kata nzima kwa adabu zote, akamnyooshea kaka ile kata. Kaka akacheka. Akaichukua kata, akaijaza upya, akanipa mimi.

Rafiki yake aliona. Uso ulimbadilika.

"Tumefika huko?" akauliza.

Kaka alikuwa ananitazama mimi. Nami nilikuwa naitazama pombe. Ilikuwa na povu zuri, inanukia mtama, pombe kama pombe nyingine zote. Lakini siku ile mtoto alikuwa hajacheza tangu alfajiri, na nilikuwa nimechoka kuogopa. Nikasema nitakunywa, nitakunywa sasa hivi, na kata ikaniponyoka ikamwagika yote uani.

Kaka akasimama. "Umeona nini?"

Sikuwa nimeona kitu. Nilikuwa na neno moja tu la kusema: nimeogopa. Ningelisema, angejaza kata nyingine.

"Umeona nini, mdogo wangu?" akauliza tena, safari hii kwa upole, na upole wake ukanitisha kuliko yote. Nikainamisha kichwa. Yeye akakichukua kile kichwa kilichoinama kuwa ndilo jibu.

Kuku wangu walikuwa wamekwisha kuja. Nilikuwa nao saba, na hakuna walichokipenda kama pombe na machicha yake. Walidonoa pale palipomwagika mpaka udongo ukakauka. Yule wa mkono wa shoto aliwatazama, kisha akanitazama mimi, akaondoka bila kwaheri. Mtungi kaka aliupiga teke.

Mchana kutwa sikufanya kazi, nilikaa kuwaangalia kuku. Jioni wakaingia bandani wote saba. Asubuhi nikafungua, wakatoka wote saba, wakakimbilia palepale kutafuta kilichobaki. Mtoto naye akacheza. Nikajiambia nitamwambia kaka akiamka. Alipoamka akanieleza kwamba hakuna haja ya kuwa na wasiwasi tena, amekwisha kupeleka habari kwa akida tangu jana, na usiku askari wamemkuta rafiki yake na mitungi mitatu. Alisema amefanya hivyo kwa ajili yangu. Nikamwekea uji.

Walimchapa bomani. Siku ya tatu wakampitisha Bigwa barabarani pamoja na wafungwa wengine, watu sita katika mnyororo mmoja wa shingo, askari mbele na askari nyuma. Nilikuwa nje napepeta mtama, kuku wakinizunguka miguuni. Nilitamani kukimbilia ndani lakini tumbo lilikuwa kubwa, na yule wa mkono wa shoto alikwisha kuniona. Alipofika usawa wa ua wetu alipunguza mwendo kadiri mnyororo ulivyomruhusu. Akawahesabu kuku kwa macho, mmoja mmoja, mpaka saba. Nilimwona.

"Dada," akasema, kwa sauti ya kila siku, "kuku wako hawajambo?"

Askari alinigeukia, labda akidhani tunaagana tu.

"Hawajambo," nikajibu.