Siku Nne za Kustarehe Ziwani

Enzi zetu, likizo kwa mtoto wa Mbinga ilikuwa na maana moja tu: jembe. Nani akuulize unakwenda kupumzika wapi, kwani ulichokea wapi? Ndiyo maana mpaka leo nacheka nikikumbuka Desemba ile baba alipotangaza kwamba tunashuka ziwani, siku nne, kustarehe.

Ilikuwa miaka ile wanunuzi binafsi wa kahawa wameanza kupanda milimani na malori yao. Mmoja alimwachia baba kalenda yenye picha ya Wazungu wamelala mchangani, macho wamefumba, mikononi hawana hata kazi ya kusingizia. Baba aliitazama mwaka mzima. "Na sisi ni watu," akasema.

Mimi nilikuwa darasa la nne na mdomo wangu haukuwa na breki. Kabla shule hazijafungwa nilikwisha kulitangazia darasa zima kwamba nitarudi nimeogelea. Sisi wa milimani maji tuliyajua ya ndoo na ya kijito kinachoishia kwenye kifundo cha mguu, kwa hiyo hakuna aliyeniamini. Rafiki yangu Oliva akasema, "Usipoogelea, dawati letu usilikalie." Jambo hilo lilininyima raha kuliko mtihani.

Mama alifungasha masweta, mablanketi na gunia la maharage, maana kwake kusafiri bila sweta ni kukosa malezi. Tuliteremka na lori hadi jirani na Liuli, kwa Baba Stivini, muuza samaki aliyekuwa akilala kwetu kila alipopandisha dagaa sokoni Mbinga. Joto la kule, jamani! Mdogo wangu Kasto alitapikia sweta lake, akavalishwa lingine.

Siku ya kwanza nilishika njia ya majini, nikakuta wingu jeusi linatoka ziwani. Kumbe ni kungu, vijidudu vidogo kuliko mbu, vingi havihesabiki. Viliingia masikioni, puani, mpaka kwenye uji. Wenyeji walitoka na vikapu wakishangilia, wakavikusanya, na jioni mke wa Baba Stivini akatuletea vimefinyangwa na kukaangwa, vyeusi tii. "Kuleni wanangu, kitoweo hiki hakina miiba." Mama alikula kwa heshima. Sisi tulikula kwa kumwogopa mama.

Siku ya pili baba alikwenda kulala mchangani kama wale wa kalenda, na suruali yake ya kanisani na viatu miguuni. Alifumba macho, akafumbua, akafumba tena. Nusu saa haikuisha, amelipa ziwa kisogo, anakodolea macho kipande cha shamba kilicholala kwenye mteremko nyuma ya nyumba ya mwenyeji wetu.

Hapo ndipo starehe ilipokufa. Mmatengo, mtu wa milimani kwetu, haoni mteremko mtupu akanyamaza. "Baba Stivini, udongo wako wote unashukia ziwani. Nipe panga nikuoneshe ngolo." Ngolo ni mashimo yetu ya kilimo: mwanaume anafyeka nyasi na kuzilaza mraba mraba, kisha wanawake na watoto wanachimba udongo katikati na kuzifukia, mvua ikinyesha maji yanabaki shimoni. Angalia mgawo wa kazi hapo. Siku ya tatu baba alimaliza nyasi zake mapema asubuhi, akanawa, akaanza kutoa maelekezo. Sisi tulichimba siku hiyo na kesho yake.

"Hata msimu wake si huu," mama alinong'ona. "Ningejua, ningebaki nikachimba ya kwangu."

Baba Stivini naye alikuwa akizunguka huku na huko, kajishika kichwa: "Mgeni gani huyu anakuja na kazi yake?"

Kila nilipoomba ruhusa ya kwenda majini, jibu la baba lilikuwa lile lile. "Kuna mamba. Chimba."

Siku ya nne lori likapiga honi. Niliona dawati la Oliva linaniponyoka. Nikatupa jembe, nikakimbia, nikaingia na gauni langu hadi magotini. Nyuma yangu nikasikia viatu vya baba vinakuja kwa kishindo, nikajua leo nimekwisha.

Baba alisimama ukingoni. Akavua viatu, akakunja suruali ya kanisani, akaingia, akanishika mkono. Nilidhani ananitoa. Lakini hakunivuta.

"Usiende mbele, mwanangu," akasema polepole. "Mimi sijui maji. Ukizama, nitabaki nakutazama tu."

Sikuwa nimewahi kumwona baba akiogopa kitu. Nilimshika kwa nguvu, tukasimama hivyo mpaka dereva akaanza kututukana. Shuleni nilisema nimeogelea hadi nikasikia watu wa Malawi, ng'ambo, wakisalimiana.

Siku hizi ni lami tupu mpaka Mbamba Bay. Mwaka jana niliwapeleka wanangu, tukapanga chumba kinachotazama maji, chenye kiyoyozi. Kabla ya shikamoo waliuliza mtandao. Samaki aliletwa wa moto, wakampiga picha mpaka akapoa. Hawa ukiwapa jembe watakuuliza linachajiwa wapi! Nikawaambia twendeni majini, wakasema kuogelea walijifunza tangu chekechea, wamechoka.

Nikaenda peke yangu. Baba tumemzika, na mimi kuogelea sijui hadi leo. Nilisimama maji yakiwa magotini, nikangoja mtu aniambie nisiende mbele.